Mashati 640 Mbele ya Mashine Moja: Uchambuzi wa Kisa cha Karakana ya Sare za Skuli Unguja

Kuhusu kisa hiki

Karakana inayozungumziwa hapa iko pembezoni mwa mji, katika Mkoa wa Mjini Magharibi, Unguja. Jina lake, mtaa wake, na majina ya wafanyakazi na wateja wake yameondolewa. Baadhi ya tarakimu zimerekebishwa kwa uwiano mmoja ili karakana isitambulike, na uhusiano wa tarakimu moja na nyingine umebaki kama ulivyokuwa. Nilifuatilia kazi ya karakana hii nikiwa mshauri, kwa ridhaa ya mmiliki wake, ambaye aliomba kisa kiandikwe kwa sababu anaamini kuwa wenzake wengi wanapoteza fedha mahali pale pale alipokuwa akipoteza yeye.

Usuli

Mmiliki ni mama wa makamo aliyeanza na cherehani moja ya mguu barazani kwake, akishona madera na sare za watoto wa majirani. Wakati wa kisa hiki alikuwa na wafanyakazi 22, wengi wao wanawake, na kazi yake kubwa ilikuwa shati jeupe la skuli la mikono mifupi. Kitambaa ni tetroni nyeupe, inayonunuliwa kwa majora Dar es Salaam na kuletwa kwa meli hadi Bandari ya Malindi. Wateja ni maduka ya mjini na skuli chache zinazoagiza moja kwa moja.

Biashara ya sare ina msimu mkali. Mwaka wa masomo Zanzibar huanza Januari, na mzazi hanunui shati la skuli mwezi Agosti kwa ajili ya Januari. Hununua wiki mbili au tatu kabla ya skuli kufunguliwa, tena wengi hununua siku za mwisho kabisa. Duka ambalo halina saizi anayoitaka mzazi siku hiyo limeshampoteza, kwa sababu la jirani lina mashati yaliyoshonwa Bara au yaliyotoka nje ya nchi, na mitumba nayo haiko mbali. Kwa hiyo shati linalotoka karakanani wiki moja baada ya skuli kufunguliwa si shati lililochelewa kidogo. Hilo litasubiri mteja mwaka mzima, na fedha ya kitambaa, uzi na ujira imelala ndani yake.

Jambo jingine la kuelewa ni umeme. Unguja hupata umeme wake kutoka Bara kwa waya uliopita chini ya bahari, na watu wa biashara hawajasahau mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kwa takriban mwezi mmoja, wala kipindi cha Disemba 2009 hadi Machi 2010, kilichochukua takriban miezi mitatu. Waya mwengine mkubwa zaidi ulianza kufanya kazi mwaka 2013 na hali imekuwa nafuu sana tangu hapo, lakini mmiliki huyu hajauza cherehani zake nne za mguu, na namwona ana haki. Kumbukumbu hiyo ilimfundisha pia kwamba kazi nyingi iliyokwisha kuanzwa ni akiba ya siku mbaya, na fundisho hilo ndilo tutakalolirudia katika uchambuzi, kwa sababu lilikuwa na ukweli ndani yake lakini lilitumika mahali pasipofaa.

Mwaka uliotangulia karakana ilichelewesha oda zake. Mmiliki alikusanya wasimamizi, wakakubaliana kuwa mafundi ni wachache na mashine ni chache, akanunua mashine tatu za mshono wa kawaida, akaajiri mafundi watatu wa kuzitumia, na katika wiki za mwisho wakashona mpaka saa 4 usiku. Bado walichelewa.

Hali ilivyokuwa wiki ya tatu ya Novemba

Msimu mpya ulianza tarehe 1 Oktoba kwa oda za jumla ya mashati 8,500. Baada ya siku 42 za kazi, mashati yaliyokuwa yamekamilika, yamepigwa pasi na kufungwa yalikuwa karibu 4,000, yaani wastani wa mashati 95 kwa siku. Zilibaki siku 38 za kazi kabla ya skuli kufunguliwa, baada ya kutoa siku za mapumziko. Mashati 4,500 yaliyosalia kwa siku 38 yanahitaji zaidi kidogo ya 118 kwa siku. Kwa mwendo wa 95, kazi ingemalizika wiki moja na nusu baada ya watoto kuingia darasani.

Mmiliki alikuwa tayari kununua mashine nyengine mbili. Tulimwomba asubiri siku mbili, tukae katika kila kituo cha kazi tukiwa na saa na karatasi, tupime mashati kumi kumi, na kisha tuhesabu mashati yaliyolala sakafuni kati ya kituo na kituo.

Kwa shati moja, ukataji ulichukua dakika 6, kubandika gamu (kitambaa cha kukaza kola) kwa pasi dakika 2, kushona kola 6, mfuko 5, kuunga mabega dakika 2 na nusu, mikono 8, ubavu kwa ovaloki (mashine ya kufunga kingo) 4, kupachika kola 7, pindo 4, matundu ya vifungo 5, vifungo 4, na kukata nyuzi, kukagua, kupiga pasi na kufunga 9. Jumla ni dakika 62 na nusu. Shati linahitaji mkono wa binadamu kwa muda wa saa moja na kitu.

Halafu tukahesabu sakafu. Kulikuwa na mashati 1,150 yaliyoanzwa ambayo hayajakamilika, na kati ya hayo 640 yalikuwa yamerundikwa mbele ya mashine moja, mashine ya matundu ya vifungo. Kanuni aliyoithibitisha msomi John Little mwaka 1961 inasema kuwa idadi ya vitu vilivyomo kwenye mfumo ni sawa na kasi ya kutoka kuzidisha muda ambao kila kimoja hukaa ndani. Mashati 1,150 kugawa kwa 95 ni siku 12. Shati lenye kazi ya saa moja lilikuwa likikaa karakanani siku 12, na zaidi ya nusu ya siku hizo lilikuwa limelala kwenye lundo moja.

Sababu ilionekana wazi ukikaa karibu na fundi wa matundu kwa nusu saa. Alilitandaza shati mapajani, akapima kwa futi kutoka kwenye kola kushuka chini, akaweka alama saba kwa chaki, akaligeuza, akaliingiza kwenye mashine, akashona tundu la kwanza, la pili, mpaka la saba, kisha akachukua wembe akapasua kila tundu kwa uangalifu asije akakata uzi. Alikuwa fundi mzuri na hakupoteza hata dakika. Lakini katika dakika zake 5, mashine ilikuwa inazunguka kwa zaidi kidogo ya dakika 3. Zilizobaki mashine ilikuwa imekaa kimya ikisubiri chaki na wembe. Kwa dakika 5 kwa shati, siku ya saa 8 inatoa mashati 96. Hiyo ndiyo iliyokuwa kasi ya karakana nzima. Zile mashine tatu zilizonunuliwa mwaka uliopita hazikuweza kuongeza hata shati moja lililokamilika, kwa kuwa zote zilikuwa kabla ya lundo.

Kwa hesabu hiyo hiyo, dakika za kazi zilizomo katika mashati 95 ni kama asilimia 56 ya dakika zote ambazo wafanyakazi 22 walilipwa au walikaa karakanani.

Hatua zilizochukuliwa

Hatua ya kwanza haikuhitaji fedha. Kutoka kwenye boksi la uzi kilikatwa kipande cha kadibodi kirefu, chenye pengo saba kwa vipimo vya matundu, kimoja kwa kila saizi. Fundi aliyekuwa akiunga mabega, ambaye kazi yake ilikuwa fupi kuliko za washonaji wenzake, alipewa kadibodi na chaki aweke alama zote kabla shati halijafika mashineni, na msichana wa kukata nyuzi akapewa wembe wa kupasulia. Mashine ya matundu ikaachiwa kazi ya kushona tu. Muda wake kwa shati ulishuka kutoka dakika 5 hadi dakika 3 na sekunde 12.

Hatua ya pili ilikuwa kuhakikisha mashine hiyo haisimami. Adhuhuri karakana nzima ilikuwa ikisimama kwa sala na chakula kwa wakati mmoja. Tuliomba mafundi wawili wengine wafundishwe mashine ya matundu, ili mmoja aende kuswali na kula wakati mwengine anaendelea, kisha wapokezane. Hakuna aliyepunguziwa muda wa sala wala wa chakula, na jambo hili lilielezwa hivyo tangu mwanzo, kwa sababu lingeeleweka vibaya kazi yote ingeharibika.

Hatua ya tatu iliwashangaza wengi: ukataji ulisimamishwa kwa siku 4. Mmiliki alisita, maana oda ziko nyuma na anaambiwa azuie watu wasikate. Alikubali baada ya kusimama mwenyewe mbele ya lundo na kuyahesabu mashati. Kila shati jipya lililokatwa lilikuwa linaongeza urefu wa foleni tu. Wakataji walipangiwa kusaidia kupachika vifungo, kwa sababu tuliona mapema kwamba mashine ya matundu ikifunguka, kituo cha vifungo chenye mtu mmoja kingekwama kwenye mashati 120 kwa siku.

Hatua ya nne ndiyo iliyozaa mzozo. Kati ya kila kituo na kituo yaliwekwa mabeseni mawili ya plastiki, kila moja la mashati kumi. Yakijaa yote mawili, fundi anasimama na kwenda kusaidia mbele. Wazo hili la kuweka mpaka wa kazi inayosubiri linajulikana zaidi kutokana na Toyota, ambako mhandisi Taiichi Ohno alilijenga kwa miaka mingi baada ya Vita vya Pili vya Dunia, na viwanda vya nguo vimelitumia kwa namna zao. Mabeseni yaligharimu kiasi kidogo sana, lakini karakana ililipa gharama ya aina nyengine.

Mzozo wa ujira

Mafundi walilipwa kwa kipande. Aliyeshona mikono 60 alilipwa mikono 60, hata kama mashati yale yalilala wiki nzima kabla ya kufika kwa mtu mwengine. Siku ya tatu ya mabeseni, fundi wa mikono mwenye kasi kuliko wote alikuwa amejaza mabeseni yake kabla ya saa 5 asubuhi. Msimamizi alimwambia asimame. Akamgeukia mmiliki, si kwa ukali, akamwuliza, "Bi Mkubwa, mimi nikisimama, nani atanilipa?" Hakupewa jibu, kwa sababu jibu halikuwapo. Siku iliyofuata mafundi wote watatu wa mikono hawakuja kazini, na wakakosekana kwa siku mbili.

Naona hapa ndipo mshauri yeyote wa viwanda anapaswa kukaa muda mrefu zaidi. Mafundi hawa hawakuwa wakaidi. Utaratibu wa ujira ulikuwa unawaamuru kufanya kinyume cha kile tulichowaomba, na mwenye watoto wa kulisha hufuata ujira. Lundo la mashati 640 lilijengwa na mfumo wa malipo kabla ya kujengwa na mashine.

Mmiliki alikuwa na njia tatu. Angeweza kuondoa mabeseni na kurudi zamani, akitegemea hatua mbili za mwanzo peke yake. Angeweza kuwalipa mafundi kwa siku, bila ya kuangalia idadi, na kubeba hatari ya kazi kupungua kasi wakati wa msimu. Au angeweza kuchanganya, na ndivyo alivyofanya baada ya kikao cha jioni nzima na wafanyakazi wote: kila mmoja atapata kiwango cha siku kisichopungua, kilichowekwa kwenye takriban theluthi mbili ya wastani wa mapato yake ya mwezi uliopita, na juu yake kutakuwa na nyongeza inayogawanywa kwa wote kwa kila shati lililokaguliwa na kufungwa. Shati lililolala kwenye beseni halimlipi mtu yeyote. Alichagua njia hii kwa sababu, kwa maneno yake kwenye kikao, hakutaka mtu alale na wasiwasi siku umeme ukikatika, wala hakutaka mwenye kushona kola mbovu alipwe sawa na mwenye kushona nzuri.

Watu wawili hawakuguswa na mabadiliko haya: wakataji. Mmiliki aliona kuwa wao wako nje ya mstari wa ushonaji na akawaacha kwenye malipo ya kipande. Uamuzi huo uliacha tatizo, kama itakavyoonekana.

Matokeo

Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu, kwa kusimama ukataji, siku mbili za mgomo na watu kujifunza kazi mpya. Baada ya hapo mstari ulitulia, na katika wiki nne za mwisho karakana ilitoa wastani wa mashati 128 kwa siku kwa watu wale wale na mashine zile zile. Mashati yaliyokuwa sakafuni yalishuka kutoka 1,150 hadi kama 380, na muda wa shati karakanani kutoka siku 12 hadi 3. Kwa kipimo kile cha dakika, matumizi ya muda wa wafanyakazi yalipanda kutoka asilimia 56 hadi kama asilimia 76. Hakukuwa na kazi ya usiku.

Siku skuli zilipofunguliwa, mashati 4,370 kati ya 4,500 yalikuwa yamefikishwa. Yale 130 yaliyokosekana yote yalikuwa ya saizi 36 na 38, ya wanafunzi wakubwa wa skuli moja ya sekondari, na skuli hiyo ilipeleka oda ya mwaka unaofuata kwengine. Yule fundi wa mikono mwenye kasi kuliko wote alirudi baada ya mgomo, akafanya kazi chini ya utaratibu mpya, akaona mapato yake yamepungua kwa karibu moja ya tano, na akaondoka. Wafanyakazi waliobaki walipata zaidi ya walivyopata msimu uliopita.

Uchambuzi

Tuanze na kola, kwa sababu ndiyo inayoeleza hasara ya lundo kuliko hesabu yoyote. Mapema Novemba, umeme ulikuwa hafifu kwa siku mbili na pasi haikupata moto wa kutosha. Gamu ilishika kwa juu juu tu. Kola zikashonwa, zikapachikwa, mashati yakaingia kwenye lundo, na kasoro ikaonekana siku saba baadaye, mpigaji pasi wa mwisho alipoona viputo vikiinuka kwenye kola moja, kisha nyengine, na nyengine. Kufikia hapo yalikuwa yameshashonwa mashati 180 ya namna hiyo, na yote yalifumuliwa kola. Fundi wa kufumua hutumia muda mrefu kuliko wa kushona, na tetroni nyeupe iliyofumuliwa huonyesha matobo ya sindano. Foleni ingekuwa ya siku moja, kasoro ile ingekamatwa kwenye mashati machache, siku ile ile ambayo pasi ilikuwa na tatizo, na aliyebandika gamu angeikumbuka. Baada ya siku saba hakuna aliyekumbuka chochote, na kila mmoja aliona analaumiwa bure. Kupunguza mashati sakafuni kulikuwa, kwa hakika, hatua kubwa zaidi ya ubora tuliyochukua, ingawa haikuitwa hivyo.

Sasa hoja ya mmiliki kwamba kazi iliyoanzwa ni akiba ya siku ya kukatika umeme. Ni hoja ya mtu aliyeyaona, na haifai kupuuzwa. Lakini akiba ina maana pale tu inapoilinda mashine iliyo adimu. Mabeseni mawili mbele ya mashine ya matundu yanahakikisha haikai bure hata kama ovaloki imeharibika kwa saa moja; na kwa kuwa ndiyo mashine adimu, mbele yake tuliruhusu mabeseni manne badala ya mawili. Mashati 640 hayakumlinda mtu na kitu chochote, kwa sababu umeme ukikatika mashine ya matundu nayo husimama. Akiba iliyofaa siku ya giza ilikuwa ni zile cherehani nne za mguu, na kola na mifuko iliyokatwa tayari kwa ajili yake.

Kuhusu kununua mashine: kosa la mwaka uliotangulia ni la kawaida mno katika viwanda vidogo, na lina sababu. Mashine inaonekana, inapigwa picha, inaweza kuombewa mkopo. Utaratibu hauonekani. Utafiti wa mchumi Nicholas Bloom na wenzake katika viwanda vya kufuma vitambaa karibu na Mumbai, uliochapishwa mwaka 2013, uliwapa baadhi ya wenye viwanda ushauri wa uendeshaji bila ya mashine mpya, wa mambo kama kuandika kasoro kila siku, kupanga ghala na kutunza mashine, na tija ikapanda kwa asilimia 17 katika mwaka wa kwanza. Wamiliki wengi hawakuwa wameyafanya mambo hayo kabla kwa sababu hawakuamini kuwa yana faida. Historia ya Bangladesh nayo inasema hivyo hivyo kwa njia nyengine: mwaka 1979 kampuni ya nguo ya Desh ilipeleka wafanyakazi wapatao 130 Korea Kusini kujifunza kwa kampuni ya Daewoo, na walichorudi nacho ambacho Bangladesh haikuwa nacho kilikuwa ujuzi wa kupanga mstari wa kazi, kukagua na kuuza nje, zaidi ya ujuzi wa kushona. Wengi wao baadaye waliondoka Desh wakaenda kwenye viwanda vingine, na sekta nzima ikakua kutokana nao.

Mfano huo unanifanya nisiuone kuondoka kwa fundi wa mikono kuwa hasara tupu kwa kisiwa. Kwa karakana, hata hivyo, ilikuwa hasara iliyoweza kuzuilika. Nyongeza iligawanywa sawa kwa wote, na usawa huo haukumtendea haki mtu aliyetumia miaka kuupata mkono wake. Ingewezekana kuweka madaraja mawili au matatu ya kiwango cha siku kwa kuangalia ni vituo vingapi fundi anavimudu. Hilo lingemlipa mwenye ujuzi na wakati huo huo lingetibu udhaifu mwengine wa mstari uliobanwa: mtu mmoja akikosekana, wote wanahisi. Mama mwenye mtoto mgonjwa atakosekana, na hakuna kanuni ya kazi itakayobadilisha hilo. Palipokuwa na malundo, kukosekana kwake kulifichika. Penye mabeseni mawili, mstari unasimama ndani ya saa moja. Wale wawili waliofundishwa mashine ya matundu kwa ajili ya kupokezana adhuhuri waliokoa siku kadhaa kwa namna hii, jambo ambalo hatukulipanga.

Joto nalo linahitaji neno. Wiki za mwisho za msimu wa sare huangukia kaskazi, wakati wa joto kali kuliko wote Unguja, na pasi mbili za mwisho zilikuwa ndani ya chumba cha kushonea, chini ya paa la bati. Wachumi waliochunguza viwanda vya nguo vya Bangalore walionyesha kuwa kubadilisha taa na kuweka za LED, ambazo hutoa joto dogo zaidi, kuliongeza tija siku za joto. Hapa pasi zilihamishiwa kwenye baraza la nyuma lenye upepo. Sikuweza kutenganisha mchango wa hatua hiyo na wa hatua nyengine, lakini mafundi waliokaa karibu na pasi ndio waliosema wazi zaidi kuwa alasiri zao zimekuwa nyengine, na hatua hiyo ilipaswa kufanywa siku ya kwanza, kwa ajili ya watu kabla ya kwa ajili ya mashati.

Penye kushindwa dhahiri ni saizi. Mkataji anayelipwa kwa kipande hupenda saizi inayokatika haraka na kulitumia jora vizuri, nayo ni saizi ndogo na za kati. Saizi 36 na 38 hula kitambaa na huhitaji kupangwa upya mezani. Kwa hiyo ukataji uliporuhusiwa tena, uliendelea kuwa mwingi kwa 28 na 30, na mstari ulizishona kwa haraka na kwa ubora mzuri, mashati ambayo hakuna aliyekuwa akiyangoja. Tuliirekebisha kasi ya karakana, tukaacha swali la nini kikatwe leo mikononi mwa mtu mwenye sababu ya kulijibu vibaya. Orodha ya saizi kwa kila oda ilikuwapo, kwenye daftari la mmiliki, dukani, kilomita kadhaa kutoka kwenye meza ya kukatia.

Baada ya msimu, uwezo wa mashati 128 kwa siku ulikutana na soko lisilotaka shati hata moja. Mmiliki hakuanza kushona kwa ajili ya ghala, na alifanya vyema. Aliingia katika sare za hoteli, ambazo baadhi huagizwa wakati wa masika, wageni wanapopungua na majengo yanapokarabatiwa. Oda hizo ni ndogo, vipande 40 hadi 60 kwa mtindo mmoja, na mstari wa watu 22 uliopangwa kwa shati moja hupoteza nusu ya siku kila mtindo unapobadilika. Wameugawa katika makundi ya watu saba saba, kila kundi likishona nguo kutoka kukatwa hadi kufungwa. Vipande kwa mtu ni vichache kuliko vya msimu wa sare, bei ya kipande ni kubwa zaidi, na mpaka sasa makundi hayo yanalipa mishahara ya miezi ambayo zamani wafanyakazi walirudishwa nyumbani.

Fedha iliyotengwa kwa mashine mbili za mshono wa kawaida imewekwa kwa ajili ya mashine moja ya matundu iliyo bora. Kabla ya tarehe 1 Oktoba ijayo yamebaki mambo mawili yanayohitaji uamuzi wa mmiliki: wakataji waingie kwenye kiwango cha siku kama wenzao, na orodha ya saizi za kila oda ibandikwe juu ya meza ya kukatia, ikifutwa mstari mmoja mmoja kadiri mashati ya saizi hiyo yanavyofungwa.